Msalaba Ulipoketi Mahali pa Mwezi: Kuzisoma Alama za Kikristo kwenye Sarafu za Kale

Katika mji wa kale wa Apamea, magharibi mwa Uturuki ya leo, ilichapwa sarafu ya shaba yenye sanduku linaloelea majini. Ndani yake wamo mume na mke, wanaonekana kuanzia kiunoni. Ndege mmoja ametua juu ya kifuniko kilichoinuliwa, mwingine anakuja na tawi. Pembeni, wawili wale wale wamekwisha kushuka. Wamesimama nchi kavu, mikono juu, kama watu wanaoshukuru. Na ili mtazamaji asibabaike, mchongaji ameandika ubavuni mwa sanduku herufi tatu za Kigiriki: NΩE. Ni Nuhu.

Geuza sarafu hiyo. Upande wa kichwa yuko Septimius Severus, kaisari wa Roma kuanzia mwaka 193 hadi 211. Hapo bado ni miaka mia moja na ushei kabla ya kaisari yeyote kuupendelea Ukristo. Severus hakuwa Mkristo, na wakuu wa Apamea waliotoa sarafu hiyo walikuwa na mahekalu ya miungu yao. Nuhu aliingiaje mifukoni mwao?

Jibu limo katika jina. Apamea ilikuwa na lakabu: Kibotos, yaani kasha. Wafasiri wa Kiyahudi walipoiandika Torati kwa Kigiriki, neno hilohilo ndilo walilolitumia kwa safina. Na Wayahudi walikuwako Apamea tangu zamani. Cicero, wakili mashuhuri wa Roma, anataja karibu ratili mia za dhahabu zilizokamatwa mjini humo, dhahabu waliyokuwa wameikusanya kuipeleka Yerusalemu. Inaelekea majirani walikisikia kisa cha gharika kutoka kwao, wakakioanisha na lakabu ya mji wao na mlima uliokuwa karibu, wakaona: kumbe safina ilitua kwetu! Mji ukapata fahari mpya, na sarafu za Nuhu zikaendelea kutolewa chini ya makaisari kadhaa hadi katikati ya karne ya 3. Mji uliopo mahali hapo leo, kwa sadfa tu, unaitwa Dinar.

Nimeanza na safina makusudi. Wengi wetu tukiona alama ya dini kwenye sarafu ya kale tunakimbilia kusema kwamba aliyeitoa alikuwa muumini wa dini hiyo, na kwamba watu wake walikuwa wamekwisha kumfuata. Safina ya Apamea inatuambia tusubiri kwanza.

Herufi mbili zenye umri mkubwa kuliko Ukristo

Chukua alama inayotajwa kuliko zote: herufi za Kigiriki khi na ro, X na P, zilizopandanishwa kuwa kitu kimoja. Ndizo herufi mbili za mwanzo za neno Kristo. Mtu akiiona juu ya sarafu anadhani kesi imekwisha.

Haijaisha. Ptolemy wa Tatu, aliyeitawala Misri kuanzia mwaka 246 hadi 222 kabla ya Kristo, ana herufi hizo hizo katikati ya miguu ya tai kwenye sarafu zake za shaba. Waandishi wa Kigiriki walizoea kuzipandanisha herufi ili kufupisha maneno. Tena kuna sarafu inayonishangaza kila ninapoikumbuka, ya mji wa Maeonia katika Lydia, nayo ni magharibi mwa Uturuki ya leo, iliyotolewa wakati wa Decius, kaisari aliyewatesa Wakristo vikali mwaka 250. Juu kabisa, palepale macho yanapoangukia, ipo khi na ro. Lakini ukiyasoma maandishi yanayozunguka ukingo utakuta kwamba herufi hizo ni kifupisho cha cheo cha mkuu wa mji. Wamekuwapo waliopenda kuamini kwamba mchongaji alikuwa Mkristo wa siri, aliyemtundikia mtesi wake jina la Kristo bila yeye kujua. Hadithi tamu, na moyo wangu ungependa iwe kweli, ila kifupisho peke yake kinatosha kuieleza alama ile.

Kwa hiyo kuuliza tu kama alama ipo au haipo hakutufikishi mbali. Swali linalofungua mlango ni la mahali: alama imekaa wapi juu ya sarafu, na kabla haijafika, pale palikuwa na nani?

Sarafu ni uwanja mdogo sana. Aliyekulia Tanzania na shilingi ya mwaka 1966 anajua: upande huu kichwa cha Nyerere, upande ule mkono ulioshika mwenge wa uhuru, na basi, nafasi imekwisha. Kila kinachowekwa hapo kimekinyima kingine kiti. Ndiyo maana mwenye mamlaka haweki kitu juu ya sarafu hivihivi, na ndiyo maana kukiondoa kilichokuwapo ni jambo zito zaidi.

Dini ilikuwamo tangu mwanzo

Ukristo haukuleta dini kwenye sarafu. Ulikuta nyumba ina wenyewe. Tunapomsoma Yesu akiomba aonyeshwe dinari na kuuliza sura iliyopo ni ya nani, tunakumbuka kodi. Tunasahau kwamba dinari za Tiberio, kaisari wa wakati ule, zilimtangaza kuwa mwana wa Augusto aliye mungu. Mkristo wa karne ya kwanza aliponunua mkate alikuwa amebana kati ya vidole vyake ungamo la imani ya watu wengine. Na upande wa pili wa sarafu za Roma kulijaa miungu: Jupita, Mars, Jua, na yule mwanamke mwenye mabawa aitwaye Ushindi. Huyu Ushindi tumshike vizuri, maana tutakutana naye tena.

Wakristo wenyewe hawakuwa na karakana ya kuchapa sarafu. Picha walizokuwa na uhuru wa kuzichagua zilikuwa za pete zao za mihuri. Klementi wa Aleksandria, karibu mwaka 200, aliwashauri wachague njiwa, samaki, merikebu, kinubi au nanga. Msalaba haumo katika orodha yake. Hilo halipaswi kutushangaza. Msalaba ulikuwa chombo cha kuwaulia watumwa na waasi, na watu walikuwa bado wanaona kwa macho yao mizoga ikining'inia. Kuuweka kwenye pambo lingekuwa jambo la kutisha.

Konstantino na jua ambalo halikuondoka

Tarehe 28 Oktoba 312, kaisari Konstantino alimshinda mpinzani wake Maxentius kwenye Daraja la Milvio, nje kidogo ya Roma. Lactantius, mwandishi Mkristo aliyeandika miaka michache tu baadaye, anasema Konstantino aliagizwa ndotoni aweke alama ya mbinguni kwenye ngao za askari wake. Eusebius, askofu wa Kaisaria, aliandika baada ya kaisari huyo kufa mwaka 337, na kwake yeye kisa kimekua: ni msalaba wa nuru juu ya jua, mchana kweupe, pamoja na maneno ya kumwambia ashinde kwa alama hiyo. Mahubiri mengi huruka kutoka hapo moja kwa moja hadi kwenye dola ya Kikristo, kana kwamba kulikucha tu asubuhi iliyofuata mambo yote yakawa mapya.

Sarafu zinakataa. Mwaka 313, mwezi wa kumi na miwili haujatimia tangu vita vile, karakana ya Ticinum, yaani Pavia ya leo nchini Italia, ilitoa medali ya dhahabu yenye nyuso mbili zilizopangana bega kwa bega: Konstantino na mungu Jua, wanafanana kama ndugu wa tumbo moja. Sarafu ndogo za shaba zenye maneno ya kumtukuza "Jua Lisiloshindwa, mwenza" wa kaisari ziliendelea kumwagwa sokoni kwa wingi mno hadi karibu mwaka 318, na kwenye dhahabu Jua alibaki mpaka mwaka 325. Hata sheria ya mwaka 321 iliyowapa watu wa mijini mapumziko ya Jumapili iliiita siku hiyo siku tukufu ya Jua.

Na khi na ro? Ipo. Mwaka 315 Ticinum hiyohiyo ilichapa medali ya fedha inayomwonyesha Konstantino akikutazama usoni, amevaa kofia ya vita, ameshika farasi wake kwa hatamu. Mbele ya kofia, chini ya manyoya, kuna kidoa cha mviringo, na ndani ya kidoa hicho imo alama ya Kristo. Lazima usogee karibu ndipo uione. Kwenye ngao ya kaisari huyohuyo, bila haja ya kusogea, unamwona mbwa mwitu jike akiwanyonyesha Romulus na Remus, mapacha walioanzisha Roma katika hekaya. Mama wa Roma amepewa ngao nzima, Kristo amepewa kifungo cha kofia. Tena medali zenyewe hazikuwa pesa ya sokoni. Ni zawadi za kupewa wakubwa, na zilizobaki ni chache mno.

Katika miaka iliyofuata, karakana ya Siscia, huko Kroatia ya leo, ilitoa sarafu za shaba ambazo baadhi zina alama hiyo kwenye kofia ya kaisari. Kwingine misalaba midogo inaonekana pembeni mwa picha, katika nafasi ambapo karakana ziliweka nyota, hilali au herufi za kutofautisha toleo na toleo. Hapo ndipo ubishi wa wataalamu huwaka. Je, ni ungamo la fundi, au ni namba tu? Mimi naona mahali pake panatoa ushauri wa busara. Kinachokaa kwenye kiti cha namba tukisome kwanza kama namba.

Mara moja tu, Konstantino akiwa hai, alama hiyo inaingia katikati ya uwanja. Ni sarafu ya shaba iliyochapwa Konstantinopoli mwaka 327, nayo ni adimu sana. Bendera ya vita iliyotiwa khi na ro kileleni imesimamishwa wima, na ncha ya chini ya mlingoti wake inamtoboa nyoka. Maneno yanasema: tumaini la watu wote. Mtu wa kanisani atamwona Ibilisi. Mtu wa siasa atamwona Licinius, kaisari mwenzake wa mashariki aliyeshindwa mwaka 324 na kuuawa mwaka uliofuata. Sioni haja ya kuchagua. Eusebius anaeleza mchoro wa aina hiyohiyo uliowekwa mbele ya lango la ikulu, na kwake joka ni adui wa roho na ni dhalimu, yote kwa pamoja.

Je, Konstantino alikuwa mnafiki? Hukumu hiyo naiona nyepesi. Sarafu ilikuwa mshahara wa askari, na askari wengi walikuwa bado wa miungu ya zamani. Ilikuwa pia kodi ya mkulima na bei ya ng'ombe. Pesa inapokelewa kwa sababu inafanana na ile ya jana. Mtawala anaweza kujenga kanisa kubwa Roma na kuitisha mtaguso Nikea mwaka 325, na bado akasitasita kuigusa pesa. Anachokifanya ni kuwaondoa wageni wa zamani mmoja mmoja, kimya kimya, bila kumkalisha mwingine mahali pao. Miaka yake ya mwisho sarafu za shaba zina askari wawili na bendera zao, au lango la ngome. Hakuna mungu, hakuna msalaba. Mimi utupu huo unanifundisha mengi kuliko nyoka aliyetobolewa.

Alipokufa, baada ya kubatizwa mwishoni kabisa mwa maisha yake, wanawe walitoa sarafu iliyoonekana kila mahali. Upande mmoja kichwa chake kimefunikwa shela. Upande wa pili yumo katika gari la farasi wanne linalopaa, na kutoka juu mkono umenyooshwa kumpokea. Mkono wa nani? Wa miungu ya Roma iliyozoea kuwapokea makaisari waliokufa, au wa yule aliyempokea Eliya? Maandishi yanamwita kwa cheo cha kaisari aliyefanywa mungu. Wakristo walimwona Eliya, wapagani waliona desturi yao imetimizwa, na kila mmoja aliirudisha sarafu mfukoni akiwa ameridhika.

Waasi wanaojaza uwanja

Alama ya Kristo ilipopata upande mzima wa sarafu, aliyeipa nafasi hiyo alikuwa mwasi. Mwaka 350 Magnentius aliasi huko Gaul, yaani Ufaransa ya leo, na Constans, mwana wa Konstantino, akauawa. Mwaka 353, akiwa amebanwa na Constantius, ndugu wa marehemu, Magnentius alitoa sarafu kubwa za shaba ambazo upande wake wa pili hauna mtu wala mungu: ni khi na ro tupu, kubwa, kutoka ukingo hadi ukingo, na kila upande wake herufi alfa na omega. Mwaka huohuo alijiua. Ukiyasoma maneno yanayoizunguka alama hiyo hukuti Kristo; yanatamka usalama wa mabwana wetu, Augusto na Kaisari, yaani mtawala mkuu na msaidizi wake.

Mwingine, Vetranio, mwanajeshi mzee aliyetangazwa kaisari na majeshi ya Danubi mwaka 350, alichapa kwa mara ya kwanza maneno yale ya ndoto: kwa alama hii utakuwa mshindi. Konstantino mwenyewe hakuwahi kuyaweka kwenye sarafu zake. Mtu ambaye kiti chake kinayumba ndiye anayehitaji kuiinua alama juu.

Aksum: mwezi unapisha

Sasa tushuke Bahari ya Shamu. Katika nyanda za juu za Tigray na Eritrea ya leo lilikuwapo taifa la Aksum, na bandari yake Adulis ilitajwa tangu karne ya 1 katika kitabu kile kile cha mabaharia wa Kigiriki kinachoeleza pwani yetu ya Azania hadi Rhapta. Kuanzia karibu mwaka 270, chini ya mfalme Endubis, Aksum ilichapa sarafu zake yenyewe za dhahabu, fedha na shaba. Katika Afrika iliyo nje ya mipaka ya Roma, hilo lilikuwa jambo la pekee kwa zama zile.

Sarafu za dhahabu za Aksum ni ndogo, lakini zimepangwa kwa akili. Katikati mfalme, ubavu kwa ubavu na mashuke mawili ya ngano yanayopinda kumzunguka. Juu ya kichwa chake, mahali pa heshima kuliko pote, kuna duara na hilali: alama ya mbinguni iliyojulikana pia ng'ambo ya bahari, huko Arabia ya Kusini. Mfalme alijitangaza pia kuwa mwana wa Mahrem, mungu wa vita.

Ezana aliianza enzi yake, katika karne ya 4, chini ya hilali hiyo. Rufinus, mwanahistoria wa kanisa, anasimulia habari za vijana wawili kutoka Tiro, Frumentius na Aedesius, walionusurika merikebu yao iliposhambuliwa na wenzao kuuawa. Walipelekwa kwa mfalme. Aedesius akawa mnyweshaji, Frumentius akashika hesabu na barua za ikulu. Baadaye Frumentius alikwenda Aleksandria kuomba askofu kwa ajili ya Wakristo wa Aksum, na Athanasius, askofu wa huko, akaona hakuna anayefaa kuliko Frumentius mwenyewe. Wahabeshi wanamkumbuka hadi leo kwa jina la Abba Salama. Mwaka 356 kaisari Constantius alimwandikia Ezana barua akitaka askofu huyo arudishwe kuhojiwa, kwa hiyo mfalme huyu tuna ushahidi wake hata nje ya nchi yake.

Angalia sasa kinachotokea kwenye dhahabu. Mfalme ni yuleyule, mashuke ni yaleyale, maandishi ya Kigiriki yanasema vilevile: Ezana, mfalme wa Waaksum. Lakini juu ya kichwa hilali haipo. Mahali pake pana msalaba. Misalaba mingine imejipanga ukingoni, inayakata maandishi pande nne. Ezana hakuuficha kwenye kofia, wala hakuuweka pembeni kwenye kiti cha namba. Kiti kilekile cha mungu wa jana kimekaliwa na msalaba, na kila aliyewahi kuishika sarafu ya zamani aliweza kuliona badiliko hilo bila kujua kusoma. Ni mmoja wa watawala wa kwanza duniani kufanya hivyo, na alifanya kwa uwazi ambao Konstantino hakuufikia.

Mbona Ezana aliweza? Ushahidi unaonyesha kwamba naye hakukurupuka. Maandishi yake ya mawe yanapita hatua kwa hatua: yapo yanayomtaja Mahrem, yapo yanayosema tu Bwana wa Mbingu, jina ambalo mtu wa dini yoyote angelikubali, na yapo ya Kigiriki yanayomtaja waziwazi Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Kwenye sarafu pia zipo zisizo na alama yoyote juu ya kichwa, si hilali si msalaba. Kile kiti kitupu tulichokiona Roma kinaonekana na hapa. Jingine ni kwamba dhahabu ya Aksum iliwalenga wafanyabiashara. Imeandikwa Kigiriki, na nyingi zimepatikana Yemeni, ambako hazina moja iliyofukuliwa al-Madhariba, karibu na Aden, ilikuwa na zaidi ya sarafu 1,000 za dhahabu, za Aksum na za Roma zikiwa zimechanganywa. Enzi ya Ezana uzito wa dhahabu ya Aksum ulipungua pia, ukielekea kwenye kipimo kipya cha Konstantino. Kuweka msalaba kulikuwa ungamo, na kulikuwa pia kuongea lugha ya mshirika tajiri wa kaskazini. Anayetaka kuyatenganisha mambo haya mawili atawatesa bure watu wa kale waliokuwa nayo yote katika kifua kimoja.

Lakini pesa ya wenyeji ndiyo inayonigusa zaidi. Kwenye sarafu za shaba zilizotumika sokoni nyumbani, msalaba umejaza upande wa pili, ndani ya duara, na maneno yanayouzunguka hayamtaji mfalme wala vita: "Hili liipendeze nchi." Soma tena. Mtawala anawawekea watu wake alama ngeni mkononi na kuwaomba iwapendeze. Wafalme waliofuata waliandika kwa Kige'ez, lugha ya nyumbani, wakiwatakia watu furaha, rehema na amani. Na mafundi wa Aksum walifanya jambo ambalo halijulikani kwingine katika ulimwengu wa kale: kwenye sarafu za fedha na shaba walipaka dhahabu sehemu ndogo tu, nyuma ya msalaba au kukizunguka kichwa cha mfalme. Fikiria kazi ya kukitia dhahabu kipande kisichozidi ukucha wa kidole gumba, kimoja kimoja, kwa mkono, ili mwuza ngano anapokigeuza juani king'ae.

Mfalme mmoja, ambaye jina lake limeandikwa kwa konsonanti tu, MHDYS, alitafsiri maneno ya ndoto ya Konstantino kwa Kige'ez na kuyazungushia sarafu yake: kwa msalaba huu utashinda. Huenda aliwahi kushika sarafu ya Vetranio, au kisa kilimfikia kwa njia ya kanisa. Msalaba kwa Kige'ez ni masqal, na Wahabeshi wanaiita Meskel sikukuu yao kubwa ya Septemba.

Ushindi anabatizwa

Huko Roma na Konstantinopoli, yule mwanamke mwenye mabawa alidumu kuliko miungu wote. Jupita aliondoka, Jua akaondoka, yeye akabaki. Alipewa kazi mpya. Kwenye sarafu za Aelia Flaccilla, mke wa kaisari Theodosius wa Kwanza, ameketi akiandika khi na ro juu ya ngao. Kuanzia miaka ya 420, chini ya Theodosius wa Pili, amesimama ameshika msalaba mrefu uliopambwa vito. Halafu, wakati wa Justin wa Kwanza, kati ya mwaka 518 na 527, tunamwona anatutazama usoni, na si mwanamke tena: ni malaika wa kiume. Mabawa ni yaleyale. Kwa miaka mia mbili hakuna aliyemfukuza. Alibadilishiwa kazi, kisha nguo, kisha jinsia.

Kutoka hapo msalaba unakua wenyewe. Tiberius wa Pili, kuanzia mwaka 578, aliuweka peke yake upande wa pili wa dhahabu, umesimama juu ya ngazi. Heraclius alichapa msalaba huo juu ya fedha kuanzia mwaka 615, mwaka mmoja baada ya Waajemi kuiteka Yerusalemu na kuuchukua mti ulioheshimiwa kuwa msalaba wa Yesu mwenyewe. Maneno yake hayana majivuno ya ushindi hata kidogo: Mungu, wasaidie Warumi. Naona hiyo ndiyo sala ya kweli kuliko zote katika sarafu za Roma.

Ila mtu mmoja bado hajatokea. Kwa karne zote hizi Yesu mwenyewe karibu hayupo. Anaonekana kwenye sarafu za harusi za kifalme, kama ile ya Marcian na Pulcheria ya mwaka 450, amesimama kati ya bwana na bibi harusi akiwaunganisha, mahali ambapo desturi ya Roma ilimweka msimamizi wa ndoa. Hizo zilikuwa kumbukumbu za sherehe, si pesa. Na akiwa ametundikwa msalabani hayuko hata mara moja. Msalaba wa sarafu ulikuwa wa ushindi tangu siku ya kwanza.

Aliyemweka Kristo kwenye pesa ya kila siku ni Justinian wa Pili, kati ya mwaka 685 na 695. Na hapa tena angalia mahali. Uso wa Kristo, wenye ndevu na nywele ndefu, umekaa upande wa kichwa, kiti ambacho tangu Augusto kilikuwa cha kaisari. Maneno yanamwita Mfalme wa wanaotawala. Kaisari amehamia upande wa pili, amesimama mzima mzima akiushika msalaba wa ngazi, na anajiita mtumwa wa Kristo. Kisiasa, sioni badiliko kubwa kuliko hili katika habari yote hii. Ni miaka hiyohiyo, 691 hadi 692, ambapo mtaguso uliofanyika ikuluni mwake uliagiza kwamba Kristo achorwe kama mtu, si kama mwanakondoo.

Ni miaka hiyohiyo pia ambapo khalifa Abd al-Malik, huko Damasko, alikuwa anaihangaikia pesa yake. Nchi zake zilikuwa zimezoea dhahabu ya Roma, na jina dinari lenyewe ni la Kirumi. Dinari za mwanzo ziliiga umbo lile lile la sarafu ya Roma, ngazi zikiwapo. Juu ya ngazi mti bado umesimama, lakini mkono wake wa kulalia umekatwa. Umebaki mlingoti tu, na kandokando yake shahada. Wataalamu wanabishana nani alikuwa anamjibu nani, kaisari au khalifa. Kisha mwaka 77 wa Hijria, yaani 696 hadi 697, mlingoti, ngazi na sura ya mtu vikaondoka vyote siku moja. Katikati ya dinari mpya yakaketi maneno: Mungu ni mmoja, Mungu ni mkusudiwa, hakuzaa wala hakuzaliwa.

Umbo hilo la maneno matupu ndilo lililofika kwetu. Hazina iliyofukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 ilikuwa na vipande zaidi ya 2,000 vya fedha vya watawala wa pwani, na Kilwa ilichapa vya shaba kwa karne kadhaa. Upande mmoja jina la mtawala, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na mara nyingi pande hizo mbili zina vina, kama mstari wa shairi ambao huumalizi mpaka uigeuze sarafu.